Jinsi tulivyoifundisha kompyuta kusubiri solo

Kila niliyemuuliza namna ya kupiga jazi pamoja na biti za kompyuta alinipa jibu lilelile: mvalishe mpiga dramu hedifoni, mpe kliki, ule mlio wa kuhesabu mapigo, mambo yamekwisha. Hayakwishi hivyo. Kliki humfaa anayepiga wimbo uliopangwa tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi tunapiga jazi: mimi saksafoni, kinanda, dramu, na dogo mmoja wa Manzese aliyekulia kwenye biti za singeli. Katika jazi hakuna ajuaye solo itaishia wapi, hata mwenye solo mwenyewe.

Fundi mmoja wa studio, mtu anayeheshimika sana na kujiheshimu zaidi, alichukua laki mbili na ushee zetu kwa kutushauri kwamba biti yote iwe faili moja ndefu, nasi tupige juu yake. Mazoezini ilipendeza mno. Tukaipeleka kwenye sendofu moja huko Mbezi. Nikaingia solo, watu wakainuka, mpiga kinanda akaanza kunisukuma kwa kodi, zile noti zinazopigwa kwa pamoja, ambazo hatukuwa tumezizoea, nami nikapanda naye. Kumbe faili lilikuwa na ratiba yake. Dramu za kompyuta zikanyamaza, kikaanza kile king'ora cha kupandisha mzuka, kisha biti ikaanguka upya katika ufunguo (key) wa mwanzo wakati sisi tulishauhama zamani. Mpiga dramu akatii kliki, mpiga kinanda akanitii mimi. Jukwaa moja, bendi mbili. Mshereheshaji akadhani tumemaliza, akashika maiki: "Tuwapigie makofi!" Wakapiga. Biti ikaendelea, nami kwa kiburi nikaendelea. Dogo akainama kufunga kamba za viatu, na alikuwa amevaa ndala. Halafu akaja mama mmoja kwa madaha kututuza, noti ameinyanyua juu. Akanipita. Akaenda kuiweka juu ya laptopu.

Kuna walionituma nikamsikilize Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani, wa 1969 na 1970. Nimemsikiliza tangu zamani, asante. Lakini kwenye rekodi zile mtayarishaji wake, Teo Macero, alikuwa akikata na kuunga mikanda wanamuziki wakishamaliza kupiga. Mimi wa jukwaani nitakata lini, na watu wamekaa mbele yangu? Aliyekuwa karibu zaidi na haja yetu ni Mfaransa Ludovic Navarre, anayejiita St Germain. Albamu yake ya 2000, iliyotoka kwenye lebo ya Blue Note, ina biti zinazozunguka tu, na wapiga ala wanatembea juu yake.

Dawa yenyewe nilipewa na mzee wa mtaani kwetu, aliyepiga gitaa la rithimu kwenye bendi za dansi ujana wake wote. Nikamweleza masaibu yangu, akacheka hadi akakohoa. "Mwanangu, sisi kwenye chemko, pale wimbo unapochangamka, tulikuwa hatuhesabu. Rithimu inazunguka, besi inazunguka, mpaka mwenye solo atikise kichwa. Sasa hiyo mashine yenu haioni kichwa?"

Basi tukaipa macho. Tulilikatakata lile faili kwenye Ableton Live, programu ya muziki ya kompyuta, vipande vya mapigo kumi na sita au thelathini na mbili, kila kimoja kinajizungukia mpaka kiambiwe basi. Utamu uko hapa: dogo anabonyeza wakati wowote, hata kwa pupa, lakini programu haibadilishi kitu mpaka duru mpya ya mapigo manne ianze. Kwa hiyo hawezi kuchelewa wala kuwahi, na watu wanamwona fundi kweli. Ishara ya kichwa tuliiacha, maana mimi nikipuliza natikisa muda wote, na siku ya kwanza dogo alibadilisha vipande kama anauza karanga. Sasa nikiinua mdomo wa saksafoni juu, kije kipande kinachofuata. Nikimpa mgongo, atoe besi. Kliki bado ipo, kwa mpiga dramu peke yake.

Biti za dogo zilikuwa zinapita mapigo 200 kwa dakika, singeli ndivyo ilivyo. Usimlazimishe kupunguza, atanuna. Dramu zetu zinapiga nusu ya hapo, mimi natembea kwa raha juu ya 100 na kitu, yeye anakimbia chini yangu.

Ukipitisha ala kwenye kompyuta, angalia bafa, yaani kile kiasi cha sauti ambacho kompyuta hukusanya kabla ya kukitoa, kikihesabiwa kwa vijipande viitwavyo sampuli. Kwa sampuli 512 sauti ilikuwa inanirudia imechelewa. Kwa 44,100 kwa sekunde hiyo ni karibu milisekunde 12, na hapo hujahesabu njia ya kwenda na kurudi. Tulishusha hadi 128, takriban milisekunde 3, laptopu ikalalamika kidogo, ikazoea. Na joto la Dar je? Saksafoni ikipata moto sauti yake hupanda, kompyuta inabaki palepale kwenye hezi 440, kipimo cha kawaida cha kupatanisha ala. Navuta nje kidogo kipande cha mdomoni kabla ya kupanda jukwaani, na tena kabla ya wimbo wa tatu.

Kilichobaki ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Ulikuwa unagombana na besi ya kompyuta, chini kote mngurumo mtupu, husikii noti. Tumeupiga marufuku pale dogo anapokuwa na besi. Mwenyewe anadai tumemfanya nusu mwanamuziki. Malipo anachukua kamili.