Jaketi la joto: volti mbili na nusu zilizokuwa zikiliwa chini ya tangi

Imekubali. Ijumaa jioni, injini ya pikipiki ikiwa kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, jaketi na glovu za umeme vimefunguliwa mpaka mwisho, mita ilisoma volti 13.9 kwenye betri na 13.5 kwenye plagi ya jaketi. Nikaacha mfumo ufanye kazi dakika kumi nzima, nikapima tena: 13.5 ile ile. Mnaofuatilia huu mradi mnajua nilikotoka nao, kwa hiyo mtanielewa nikisema nilikaa sakafuni pale pale na spana mkononi, nikacheka peke yangu.

Kwa wale wanaouliza mkazi wa Tanga anataka jaketi la umeme la nini: wakwe zangu wako Njombe. Kila mwaka Juni au Julai lazima niende, na siku hizi siendi kwa basi. Segera, Chalinze, Morogoro, Mikumi, kote huko fulana inatosha. Ukishapanda Kitonga unaanza kufunga zipu. Mafinga unatafuta glovu. Kutoka Makambako kwenda Njombe alfajiri, vidole havijui tena kama vimeshika breki au vimeshika hewa. Ukiambiwa usogee mpaka Makete, upande wa Kitulo ambako Julai umande huganda juu ya nyasi, ndipo unapojua kwamba jaketi zito peke yake halimsaidii mtu anayekwenda kilomita 80 kwa saa. Upepo unachukua joto lote mwili unalotengeneza. Ni lazima joto litoke kwenye betri.

Mpangilio wenyewe sitaueleza kirefu, ni ule ule tunaoufunga sote. Waya mkuu unatoka kwenye betri chini ya kiti, fyuzi ya ampea 15, rilei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) inayoamshwa na waya wa taa ya nyuma ili kila kitu kizime funguo ikizimwa, kisha waya unapita chini ya tangi kwenda kwenye kidhibiti chenye vitufe viwili vya kuzungusha, kimoja cha jaketi, kimoja cha glovu. Kutoka pale unarudi kwenye plagi iliyo karibu na paja la kushoto. Jaketi linakula wati 90, glovu mbili kwa pamoja 24. Ampea nane na ushee. Si mzigo wa kuitisha Suzuki ya cc 650.

Kwenye karatasi. Kwenye pikipiki, jaketi lilikuwa vuguvugu. Si baridi, si moto, vuguvugu kama la mtu anayekufanyia hisani. Volti 13.9 zinatoka kwenye betri, 11.4 zinafika kifuani. Ni volti mbili na nusu zinazopotea njiani, na kwa kuwa joto linafuata mraba wa volti, hesabu yake inauma: theluthi moja ya joto ilikuwa haifiki kabisa.

Sasa tuje kwenye kupima, maana hapa ndipo nilipokaa muda mrefu. Kupima bila mzigo hakukuambii kitu. Ukichomoa jaketi ukaweka mita kwenye plagi utasoma 13.9 safi, kwa sababu hakuna ampea inayopita, na bila ampea hakuna kinachopotea. Fundi kijana wa Ngamiani niliyempelekea alipima hivyo hivyo, akanirudishia mita kwa heshima zote: "Mzee, umeme upo. Jaketi lako ndilo bovu." Nikamshukuru, nikaondoka. Jaketi lile nilishalifunga moja kwa moja kwenye betri likanichoma mgongo.

Lazima mzigo uwepo. Lakini kulivaa jaketi la umeme Tanga, mchana, uani, ni adhabu. Jirani yangu alinikuta nimelivaa jasho linatiririka. "Shikamoo mama." "Marahaba. Mwanangu, homa hiyo imekuanza lini?" Tangu hapo nikaacha kulivaa. Nilichukua balbu mbili za taa kubwa za gari, wati 55 kila moja, nikaziunga sambamba kwenye plagi ya duara. Jumla wati 110, karibu sawa kabisa na jaketi na glovu. Zinakaa mezani, zinawaka, wewe unapima kwa raha zako. Nawashauri kila anayefunga vitu hivi awe na balbu zake mbili.

Balbu zilinionyesha na jambo jingine. Kidhibiti kikiwa nusu, zinawaka na kuzima, zinawaka na kuzima. Ndivyo kinavyofanya kazi: hakipunguzi volti, kinakata umeme kwa vipindi. Kwa hiyo ukipima kikiwa nusu, mita inatoa wastani usio na maana, namba inarukaruka, unaweza kuhangaikia tatizo ambalo halipo. Pima kikiwa kimefunguliwa mwisho. Na kidhibiti changu kinakata upande wa hasi, kama vingi vya aina hii, kwa hiyo hasi ya jaketi haigusi fremu popote. Ikigusa, jaketi linawaka muda wote hata ukizungusha kitufe mpaka sifuri.

Basi nikaanza kuufuata umeme hatua kwa hatua. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine naisogeza mbele kiungo kwa kiungo, balbu zikiwa zinawaka. Kinachosomeka ndicho kilicholiwa mpaka hapo. Ni kama machungwa ya Muheza, kila dalali anachota kidogo na mwisho wa safari unashangaa gunia limepungua. Mshika fyuzi: 0.1. Rilei, ambayo kila mtu huilaumu kwanza: 0.05, haina hatia. Mpaka kwenye plagi, upande wa chanya ulikuwa umekula 1.4. Upande wa hasi 1.1.

Kwenye hasi mkosaji wa kwanza alijitokeza haraka. Ethi ya kidhibiti, yaani waya wake wa hasi, ilifungwa kwenye boliti ya fremu, na fremu ina rangi, na chini ya rangi chumvi ya bahari ilishaingia. Hapa Raskazone huhitaji kuweka chombo majini ili kipate kutu, kiache tu nje. Nikapiga msasa mpaka chuma king'ae, halafu nikabadili mawazo nikaiondoa kabisa pale, nikavuta waya wa hasi mpaka kwenye betri yenyewe. 0.6 zikarudi papo hapo. Msinielewe vibaya, nilifurahi. Lakini 1.9 bado zilikuwa hazijulikani zilipo.

Na hizi 1.9 zilikuwa na tabia ya ajabu. Ukiwasha tu, upotevu ni mdogo. Dakika zinavyokwenda unapanda, taratibu, namba ya mwisho ikibadilika huku unaitazama. Nilibadilisha rilei hivyo hivyo kwa hasira, sikupata kitu. Nilibadilisha plagi. Nilibadilisha hata mita, maana nina ile ya njano ya bei poa, na hiyo betri yake ndogo ikianza kufa inasoma juu kuliko ukweli bila kukuonya. (Kama unayo, ibadilishe betri leo. Mita inayodanganya ni mbaya kuliko kutokuwa na mita.) Mita nzuri ilisema yale yale.

Kilichonipa jibu ni kidole. Nilikuwa napapasa viungo kimoja kimoja chini ya tangi, balbu zikiwa zimewaka muda, nikagusa teminali moja ya kubana nikauvuta mkono kwa kelele. Ya moto. Iliyofuata, ya moto. Viungo vyote vya waya ule mkuu vilikuwa vinapika. Teminali za upande wa jaketi, zilizokuja na kidhibiti chenyewe, baridi kabisa. Koleo lililobana ni lile lile, mikono ni ile ile. Tofauti ni waya.

Nikakata kipande, nikamenya, nikachukua unyuzi mmoja nikaukwangua kwa wembe. Rangi ya shaba ikatoka kama vumbi, chini yake weupe. Alumini. Nikaupeleka kwenye moto wa kiberiti cha gesi: ukajikunja, ukadondoka tone dogo linalong'aa. Unyuzi wa shaba halisi niliouweka pembeni ulikuwa mwekundu tu, umesimama. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660, shaba mpaka 1,085, huhitaji maabara. Na si hilo tu. Ganda limeandikwa milimita za mraba 2.5, lakini nilipouweka kando ya waya wa 2.5 wa kweli, plastiki ndiyo ilikuwa nene, ndani hamna kitu. Nakisia haufiki nusu.

Sasa piga hesabu. Waya wa shaba wa 2.5, kwenda na kurudi mita nne, kwa ampea nane unakula robo ya volti tu. Huu wenye nusu ya unene, na alumini inayozuia umeme kwa zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, unakula robo tatu ya volti au zaidi kabla hujafika kwenye viungo. Viungoni ndiko kulikokuwa na balaa: alumini inajitengenezea ganda lisilopitisha umeme, ukiibana kwenye teminali ya shaba na ukaongeza hewa ya chumvi, inaliwa. Inapoliwa kiungo kinapata joto, kinapopata joto kinalegea, kinapolegea kinazidi joto. Ndiyo maana namba ilikuwa inapanda mbele ya macho yangu.

Duka sitalitaja. Lakini muuzaji aliniangalia usoni akasema "shaba tupu hii, kaka". Bei yenyewe haikuwa ya waya feki, ilikuwa bei ya waya. Kwa redio sawa, utasikiliza taarabu miaka kumi bila tatizo. Kwa jaketi lililo mwilini mwa mtu, kwenye pikipiki, chini ya tangi la petroli, huo ni ukatili.

Waya mpya nimeupata Deep Sea, kwa mafundi wa injini za boti. Wao hawana mchezo na kutu. Mzee mmoja akanikatia mita sita za waya unaonyumbulika vizuri, nikaumenya pale pale, mweupe! Nikamwambia, "Mjomba, huu nao mweupe." Akacheka, akanipa kisu. "Kwangua." Nikakwangua: chini ya weupe, nyekundu safi. Shaba iliyopakwa bati. Ule wa dukani mwekundu nje mweupe ndani, huu mweupe nje mwekundu ndani. Bei mara mbili, na sikumwomba apunguze.

Kuhusu viungo, najua hapa tutabishana. Mimi silehemu kwa risasi kwenye pikipiki. Risasi inapanda ndani ya nyuzi, waya unakuwa mgumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapokatia. Nimeshaona nyaya za namna hiyo zikining'inia kwa ganda tu. Nabana kwa koleo la meno, lile lisiloachia mpaka limefika mwisho, si lile bapa linalokuja bure kwenye boksi la teminali, lile nalitumia kufungulia chupa. Juu yake mpira unaosinyaa kwa moto, wenye gundi ndani. Solotepu nyeusi kwa joto letu inageuka ulimbo ndani ya mwezi.

Matokeo mmeshayasoma juu. Kutoka 11.4 mpaka 13.5, joto limeongezeka kwa kama asilimia 40, jaketi ni lile lile.

Jumamosi nikalijaribu mahali penye baridi ya kweli. Nililala Mombo, nikaanza kupanda kabla ya jua. Hadi Lushoto ni kilomita zisizozidi 35, lakini unaondoka kwenye joto la chini la mkonge unaingia kwenye ukungu kona baada ya kona. Soni nilifungua jaketi theluthi, likatosha. Juu karibu na Lushoto nikafungua nusu nikalazimika kurudisha. Glovu ya kushoto iliwahi kukata mara moja: plagi ya mkononi imelegea, inahitaji kufungwa na kamba ndogo ndani ya mkono wa jaketi.

Nilipanga baada ya hapa nitengeneze paneli ndogo ya swichi pembeni mwa usukani, na tundu la abiria ili shemeji yenu naye apate lake. Vyote vimesimama. Sababu ni kwamba pale Lushoto sokoni nilikaa nikiongea na mtu injini ikinguruma taratibu, jaketi limewaka, taa zimewaka, feni ya rejeta ikaingia. Mita ndogo ya usukani ikashuka mpaka 12.4. Hapo jenereta imeshindwa, betri ndiyo inayolisha jaketi. Foleni ya Chalinze ikinishika hivyo nusu saa, sitawasha tena pikipiki.

Kwa hiyo sasa nimevutiwa na rilei inayosoma volti: ikishuka chini ya 12.8 ikate jaketi yenyewe, ikipanda 13.3 irudishe. Nimeagiza moduli, ni ya bei ndogo, lakini ya mfano ule ule niliyoiona kwa rafiki inakata na kurudisha haraka mno, rilei inagongagonga kila kidhibiti kinapopiga pigo lake, kwa sababu volti zinacheza nacho. Inahitaji kuchelewa sekunde kadhaa kabla ya kuamua. Kapasita, kile kidude kinachotunza umeme kidogo, kwenye mguu wa kusoma volti huenda ikatosha, na kama haikutosha nitatafuta inayokuja na kichelewesho chake. Balbu mbili bado ziko mezani.