Nyota tatu za J0337: nilipofikia

Programu hatimaye imemaliza mzunguko mzima wa nje bila jumla ya nishati kuyumba. Kwa wanaojiunga sasa: ninaiga kwenye laptop, hapa Tukuyu, mwendo wa PSR J0337+1715, mfumo uliotangazwa mwaka 2014 baada ya kunaswa na darubini ya redio ya Green Bank, Marekani. Kuna pulsa, yaani nyota ya nyutroni (kiini kilichobanana sana cha nyota iliyokufa) inayotuma mapigo ya redio, inayojizungusha mara 366 kwa sekunde. Inazungukana na kibete cheupe (baki dogo, zito la nyota iliyozimika) kila siku 1.6, na kibete kingine kipo mbali, mzunguko wake siku 327. Namba zilishachapishwa, kwa hiyo mawingu ya Rungwe hayanisumbui.

Pulsa za kawaida zinavutia, lakini hii inajibu swali gumu zaidi. Parachichi na punje ya maharage ukiviachia juu ya paa vitafika chini pamoja. Einstein alidai zaidi: hata nishati ya uvutano inayokishikilia kitu chenyewe nayo huanguka vilevile. Duniani huwezi kulipima hilo vizuri, maana nishati hiyo haifiki hata sehemu moja ya bilioni ya tungamo la Dunia nzima. Kwa nyota ya nyutroni kama pulsa hii ni kama sehemu moja ya kumi! Basi kibete cha nje kinawavuta wawili wa ndani, nasi tunaangalia kama wanaanguka sawa. Jibu la mwaka 2018: tofauti, kama ipo, haizidi 2.6 kwa milioni.

Natumia hatua za dakika moja moja, zaidi ya laki nne na sabini kwa mzunguko wa nje. Nilimwongezea pulsa mvuto wa kibete cha nje kwa asilimia moja, kusudi nione kitu. Mwanafunzi mmoja akachungulia grafu: "Mwalimu, mbona mistari ni ileile?" Kweli, obiti ya ndani inasogea kama sehemu moja tu ya elfu mbili. Ilibidi nichore tofauti ya majaribio mawili, lenye nyongeza hiyo na lisilo nayo, ndipo wimbi likajitokeza, likiuandama upande wa kibete cha nje.

Kwa kikomo halisi cha 2.6 kwa milioni, pulsa ingesogea makumi ya mita tu. Mwanga hupita mita 300 kwa mikrosekunde moja (sehemu ya milioni ya sekunde), kwa hiyo mapigo yangehama kwa sehemu tu ya mikrosekunde. Kinachofuata ni kugeuza mahali ilipo pulsa kuwa muda wa mapigo kufika, nikianza na kuchelewa kwa mwanga kuvuka obiti.