Umri wa galaksi husomwa kwenye spektra

Picha zinazotolewa na darubini ya anga ya James Webb husambaa kwa kasi, na zinastahili, kwa kuwa ni nzuri mno. Hata hivyo, kwa anayetaka kujua ulimwengu ulikuwaje ulipokuwa mchanga, picha peke yake haitoshi. Doa jekundu linaloonekana pichani laweza kuwa galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, ya mbali kupindukia, na laweza pia kuwa galaksi ya karibu zaidi iliyojaa vumbi. Kinachokata shauri ni spektra, yaani mwanga wa doa hilo uliotawanywa kufuata urefu wa mawimbi yake, nami naona sehemu hii ya kazi haipewi nafasi inayostahili.

Mwanga husafiri takriban kilomita 300,000 kwa sekunde, lakini masafa kati ya galaksi ni makubwa kiasi kwamba mwanga unaotufikia leo kutoka zile za mbali ulianza safari kabla Dunia haijakuwapo. Wakati wote huo ulimwengu wenyewe ulikuwa ukitanuka, na mawimbi ya mwanga yakarefuka pamoja nao. Galaksi za mwanzo zilizungukwa na gesi ya haidrojeni, ambayo ilimeza mwanga wenye mawimbi mafupi kuliko nanomita 121.6 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya meta), ndiyo maana spektra zake hukatika ghafla: upande mmoja una mwanga, upande wa pili ni giza. Mahali mpaka huo ulipoanzia panajulikana. Kazi iliyobaki ni kupima umesogea hadi wapi. Ukikutwa kwenye nanomita 1,824, mawimbi yamerefuka mara 15, na hapo ndipo wanaastronomia wanapokokotoa mwanga uliondoka lini.

Hesabu hiyo inaeleza kwa nini darubini ya anga ya Hubble, iliyorushwa mwaka 1990, ilifika mahali ikashindwa kuendelea. Mwaka 1995 Robert Williams, mkurugenzi wa taasisi inayosimamia kazi za kisayansi za Hubble, alitumia muda wa uchunguzi uliotengewa ofisi yake kuielekeza darubini hiyo kwa siku 10 kwenye kipande kidogo cha anga kilichoonekana kuwa kitupu, na zikapatikana galaksi zipatazo 3,000. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri. Lakini vifaa vya Hubble huishia karibu na mikroni 1.7, yaani nanomita 1,700, kwa hiyo galaksi ambayo mpaka wake umesogea kupita hapo haiwezi kuonekana nayo hata ingetazama kwa mwaka mzima.

Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, iliundwa kwa ajili ya mawimbi hayo marefu ya infraredi, mwanga usioonekana kwa macho. Darubini yenye joto hutoa infraredi yenyewe na kujipofusha, hivyo Webb imewekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya ngao yenye matabaka matano inayoikinga na Jua, ambako kioo chake cha meta 6.5 hubaki kwenye baridi ya zaidi ya nyuzi 220 chini ya sifuri.

Umuhimu wa spektra ulidhihirika mapema. Mwaka 2022 galaksi iitwayo CEERS-93316 ilikadiriwa kutokana na picha kuwa mwanga wake ulirefuka zaidi ya mara 17, jambo ambalo lingeifanya ya kale kuliko zote zilizojulikana. Spektra ilipopatikana mwaka uliofuata, ilionekana kuwa mawimbi yalirefuka takriban mara 6 tu, na kwamba galaksi hiyo ni ya zaidi ya miaka bilioni moja baada ya Mlipuko Mkuu, yaani mwanzo wa ulimwengu. Makadirio ya kwanza yalifanywa kwa uangalifu. Picha tu ndiyo iliyokuwa na mipaka yake.

Galaksi nyingine, JADES-GS-z14-0, kwa upande wake, ilipita mtihani huo. Tangazo la mwaka 2024 liliiweka karibu miaka milioni 300 baada ya Mlipuko Mkuu, katika ulimwengu ambao sasa una umri wa miaka bilioni 13.8. Mwaka 2025 darubini za redio za ALMA nchini Chile ziligundua oksijeni ndani yake. Kwangu ugunduzi huo unazidi rekodi yoyote ya umbali, kwa sababu oksijeni hupikwa ndani ya nyota: maana yake ni kwamba kizazi kimoja cha nyota, angalau, kilikwisha kuzaliwa na kufa katika muda huo mfupi.

Galaksi hizi za mwanzo zinang'aa kuliko nadharia zilivyotarajia. Huenda nyota ziliundwa kwa vipindi vya kasi kubwa, huenda zilikuwa nzito kuliko za leo, au huenda vumbi la kuzifunika lilikuwa haba. Kila maelezo yanatabiri mchanganyiko wake wa elementi na wa mwanga, na ili kuyatenganisha zinahitajika spektra za galaksi hafifu zaidi, ambazo hata Webb hulazimika kuzitazama kwa saa nyingi mfululizo.