Mashine yangu ya kwanza ya kuuza vitu, wiki 6 za mwanzo

Wiki ya 1

Hatimaye ipo ndani. Ni ile ya kioo mbele na springi ndani, trei 6, imeshatumika. Nimeinunua kwa mtu aliyekuwa anafunga biashara yake, nilimwomba aiwashe mbele yangu akaiwasha bila kusita, na hilo nashauri kila mtu afanye, usinunue mashine ambayo hujaisikia ikinguruma. Uzito ni karibu kilo 300. Shida ilikuja kwenye kusafirisha, niliwaachia vijana wa mizigo na nilipofika nikakuta washailaza kwenye gari, sasa hii ina friji, na friji ikilala oili ya kompresa inahama inaingia kwenye mabomba, ukikimbilia kuwasha unaweza kuua kompresa siku hiyohiyo. Nimeisimamisha na sijaichomeka, masaa 24 kamili. Nimepita pale kama mara kumi kuiangalia tu.

Wiki ya 2

Imewaka ila ubaridi haushuki chini ya nyuzi 14. Nikajua gesi imeisha, nikamwita fundi friji, akafungua kava la chini akanionyesha kondensa, yale mabomba yanayotoa joto la friji nje, vumbi limeganda juu yake kama blanketi na hewa haipiti kabisa. Brashi na blowa nusu saa tu, jioni inasoma nyuzi 5. Gesi haina shida. Akanifundisha na kupima mpira wa mlango: unafungia kipande cha karatasi mlangoni halafu unakivuta, kikitoka kirahisi ujue hapo hapashiki. Wangu unaachia kona ya chini kulia, nimeagiza mwingine.

Wiki ya 3

Hii ndo wiki niliyokuwa nataka kuiandika. Watu wanaziongelea hizi mashine kama hela inaingia umelala, lakini kwa nilivyoona mimi biashara nzima iko kwenye zile sekunde chache mtu akishalipa. Kabonyeza namba, springi inazunguka, pakiti inasogea, inainama, halafu inabaki inaning'inia pale anaiona. Huyo harudi tena na wenzake atawaambia, na mimi sipo pale hata nimwombe radhi. Kwa hiyo siku 4 nzima nimekaa na mashine naangusha vitu.

Iko hivi, kila safu ina springi yake na mota nyuma, ikizunguka mara moja inasukuma kitu kimoja mbele, kwa hiyo springi yenye mizunguko 10 inabeba vitu 10. Kitu chembamba kwenye nafasi pana kinalala, kinene kwenye nafasi ndogo kinabanwa, maana yake unaanza na unene wa bidhaa ndo unatafuta springi yake. Halafu kuna ncha ya springi, pale inaposimama mwisho wa mzunguko ndo panaamua pakiti iachiwe au ishikiliwe, kwangu nyingi zimekubali ncha ikiangalia chini. Chupa na vitu vizito vyote nimeweka trei za chini visianguke kutoka mbali.

Raundi ya kwanza niliangusha 200, zikakwama 17. Kati ya hizo 11 ni sehemu moja, trei ya 3 safu ya 4, biskuti. Nikapiga magoti na tochi nikairudia polepole mpaka nikaona, pakiti inafika ukingoni vizuri, juu inaegemea kioo, lakini ule mshono wake wa chini umeingia chini ya waya wa springi na ndo unaoishikilia. Mshono wa nusu sentimita! Nikaanza kuukunja kwa nyuma kabla ya kupanga, na kwenye ncha ya springi nikachomeka kile kisukumio cha plastiki kinachoipa pakiti msukumo wa mwisho. Raundi ya pili 200 tena, zikakwama 3.

Kingine, pale vitu vinapodondokea kuna sensa ya mwanga usioonekana na macho, ikiona kitu kimepita basi biashara imekwisha, isipoona mota inaongeza mzunguko kidogo, na ikishindikana kabisa hela ya mteja inarudishwa. Mwenye mashine wa kwanza alikuwa ameizima kwenye mipangilio. Nimefuta vioo vyake na kitambaa laini nikaiwasha, inafanya kazi safi kabisa. Hii haitazimwa tena nikiwa mimi ndo mwenye funguo.

Wiki ya 4

Malipo. Ndani kuna mfumo unaitwa MDB, ndo lugha ambayo kisomea sarafu, kisomea noti na kisomea kadi wanaongea na bodi kuu, kwa hiyo kifaa cha kampuni yoyote kinaingia ilimradi kinajua MDB. Nimeongeza cha kadi na simu, waya mmoja tu. Mikanda ya kisomea noti ilikuwa na uchafu, nimeisafisha, noti zilizokunjamana sasa zinapita.

Nilipofungua sehemu ya sarafu nilimkumbuka Heron wa Aleksandria, karne ya 1, aliandika kuhusu chombo cha maji ya hekaluni, unadondosha sarafu inaangukia kisahani kwenye wenzo, wenzo unainama unafungua maji, sarafu ikiteleza ikatoka maji yanajifunga. Karibu miaka 2000 iliyopita. Nilikaa nayo mkononi ile sehemu muda mrefu.

Wiki ya 5

Mahali. Nilikuwa na sehemu 2, ukumbi wa ofisi wenye watu wengi na hosteli ya chuo. Nikakaa kila sehemu siku 3 na daftari, ofisini wanapita wengi ila wanapita wanakimbia, hosteli ni wachache lakini wapo mpaka usiku na hawana pa kwenda. Nimechagua hosteli. Mkataba umeandikwa nani analipa umeme, asilimia yao kwenye mauzo, saa zangu za kuingia na notisi ya kuhama. Na nimeifunga ukutani kwa bolti, watu huzitingisha hizi mashine kitu kikikwama, na zimeshaangukia watu wakafa.

Wiki ya 6

Imeuza vitu 96 wiki ya kwanza. Maji yanaongoza, hilo nilitegemea. Sikutegemea safu moja niliyoweka pedi na nyingine ya kalamu. Rekodi ya mashine inaonyesha saa, pedi karibu zote zimeuzwa kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, maduka yote yamefungwa. Nimeisoma ile rekodi mara 3. Safu ya pedi zinakuwa 2 kuanzia leo, na sitaweka faida kubwa juu yake.

Malalamiko 2 yamekuja kwa namba niliyobandika kwenye kioo, wote nimewarudishia siku hiyohiyo. Moja ni sarafu za chenji ziliisha kwenye mirija yake, kosa langu, sasa naangalia kila nikienda kujaza. La pili ni trei ya 3 safu ya 4. Mshono nilikunja, ila pakiti za stoki mpya ni nene kidogo kuliko za mwanzo. Jumamosi naenda na springi pana zaidi na tochi.