Bado tunasoma slaidi za TB

Tangu mashine za GeneXpert, zinazopima TB kwa kutafuta DNA ya bakteria wake, zienee, watu hapa Mwanza huniuliza: "Dada, kwani bado mnasoma slaidi?" Yaani, kutafuta vimelea kwa hadubini kwenye kioo kilichopakwa makohozi. Tunasoma, tena mimi naipenda kazi hiyo kwa moyo wote.

Makohozi yakishapakwa na kukauka, naimwagia slaidi rangi iitwayo auramini na kuiacha dakika 20. Bila moto. Waliozoea ile rangi nyekundu ya zamani wanajua raha yake: hakuna kupasha slaidi mpaka itoe mvuke, hakuna harufu ya fenoli kujaa chumba kizima. Auramini hung'ang'ania nta ya ganda la bakteria wa TB. Naosha, napitisha spiriti yenye asidi ili ing'oe rangi kwingine kote, kisha namalizia na pamanganeti ya kutia giza. Hii haizidi dakika moja. Ikikaa sana inafifisha hata vimelea vyenyewe.

Ndipo nawasha taa ya buluu ya hadubini. Auramini hunyonya buluu na kutoa mwanga wa kijani-manjano, na kichujio huizuia ile buluu isifike jichoni. Unachoona ni giza, na ndani yake vijiti vyembamba, vingine vimepinda kidogo, vinang'aa. Rangi nyekundu hudai tone la mafuta juu ya slaidi na ukuzaji wa mara 1000. Hapa mara 400 zinatosha, kwa hiyo kila ninapotazama naona eneo kubwa zaidi, na jicho halichoki upesi. Kwa wastani njia hii inagundua TB kwa unyeti, yaani uwezo wa kuwanasa wenye ugonjwa, wa asilimia 10 hivi zaidi. Nikifikiria mvuvi anayelala chumba kimoja na wenzake kambini Ukerewe, asilimia hizo si ndogo hata kidogo.

Jambo hili la kunyonya mwanga wa rangi moja na kutoa wa nyingine ni la zamani. Mwaka 1852 mwanasayansi George Stokes alieleza jinsi maji ya kwinini, dawa ileile ya malaria, yanavyotoa buluu yakipigwa na mwanga wa urujuanimno. Kilichotukwamisha ni taa. Taa ya zebaki ilikuwa ghali, haikudumu, na umeme ukikatika ulilazimika kuisubiri ipoe kabla ya kuiwasha tena. Wavuvi wa dagaa walitoka kwenye karabai wakaingia taa za LED. Sisi pia tumevuka hivyohivyo. Shirika la Afya Duniani liliidhinisha hadubini za LED mwaka 2011. Zinawaka papo hapo, hata kwa betri.

Na hiyo GeneXpert? Ndani yake pia ni mng'ao: vinasa jeni vyenye rangi huwaka vinaposhikana na DNA ya bakteria. Ila inaweza kunasa hata DNA ya bakteria waliokwisha kufa, ndiyo maana mgonjwa aliyeanza dawa tunamfuatilia kwa slaidi.

Kwa hiyo ukipewa kikopo cha makohozi, naomba unisaidie. Suuza kinywa kwa maji, toka nje penye hewa, mbali na watu. Vuta pumzi ndefu mara mbili tatu, kisha kohoa kutoka kifuani kabisa. Yakija mate matupu, rudia. Yakigoma, mwambie mhudumu kabla hujaondoka, atakuelekeza upya.