Jumamosi ya Marseille bila viza wala tiketi

Mvua haijakata tangu Alhamisi usiku, njia ya kwetu ishakuwa bwawa, hata bodaboda hawataki kuingia, kwa hiyo wikendi yote safari yangu imekuwa kutoka kitandani kwenda jikoni na kurudi. Nikasema basi, kama ni kukaa ndani acha nikae Ufaransa. Na sio Paris jamani, Paris kila mtu yuko huko, mpaka mapazia ya saluni ya hapa mtaani yana mnara wa Eiffel. Mie nimeenda Marseille.

Sababu ni shangazi. Yuko kule tangu mie niko darasa la pili. Babu yetu alikuwa Mngazija aliyehamia Unguja, na Wangazija na Marseille hiyo ni stori ndefu, wazee walianza kufika kule kama mabaharia kwenye meli za Wafaransa enzi Komoro bado koloni lao, uhuru ukaja 1975 na watu wakaendelea kwenda tu. Kwa hiyo utotoni Ufaransa kwangu haikuwa mnara wala manukato, ilikuwa sabuni. Kila mtu akitoka kule anakuja na zile sabuni za mraba za Marseille, kijani, nzito kama tofali, zimegongwa muhuri 72%. Ile namba ni kiasi cha mafuta ila mie miaka yote nilijua ni maksi, yaani sabuni ilifanya mtihani ikapata sabini na mbili, na nikawa naionea wivu kwa sababu hesabu zangu hazijawahi kufika huko.

Viza niliwahi kuomba mara moja. Ikarudi na karatasi ina viboksi vimetiwa tiki. Tuyaache hayo.

Ijumaa usiku nilianza na kitabu, The Count of Monte Cristo cha Alexandre Dumas, nasoma kwa Kiingereza kwenye simu, bure kabisa maana haki zake zishaisha zamani. Ni kirefu hicho, kurasa zaidi ya elfu, lakini kinajisoma, na nilipojua kuwa kilianza kutoka gazetini vipande vipande mwaka 1844 nikaelewa kwa nini kila sura inakuachia roho juu, ni zile zile za "itaendelea wiki ijayo" tulizokuwa tunagombania mezani kwa baba. Kinaanzia bandarini Marseille, Februari 1815, meli inaingia, kijana baharia, Dantès, ana miaka kumi na tisa na anataka kuoa, kabla ndoa haijafungwa kashakamatwa anapelekwa kufungwa kwenye ngome ya Château d'If, kisiwa kidogo kinachoonekana kutoka mjini. Nilivyosoma hapo nikaiona Changuu. Sie nasi tuna kisiwa chetu cha jela mbele ya Mji Mkongwe, ila ya kwetu ilijengwa ikaishia kuwa karantini, sasa hivi ni kobe na watalii. Kule nako ni watalii, na ukienda unaoneshwa chumba alichofungwa Dantès! Mtu wa hadithi! Hajawahi kuwepo lakini chumba chake kipo na tundu la ukutani alilochimba lipo. Kwetu hawajalifikiria hili.

Kitu kingine ambacho shuleni hakuna aliyetuambia, bibi yake huyo Dumas alikuwa mwanamke mweusi mtumwa kule ambako leo ni Haiti. Na Dumas mwenyewe mwaka 2002 ndio wakamhamishia Panthéon, kule Paris walipozikwa wakubwa wao. Nilikaa na hiyo habari muda mrefu kidogo, simu imezima taa mkononi.

Haya, Jumamosi. Chakula.

Nimepika bouillabaisse, supu ya samaki ya Marseille. Jina lisikutishe, kwa lugha yao ya zamani ni kama kusema ikichemka punguza moto, yaani maelekezo ya upishi ndio yamekuwa jina. Kilikuwa chakula cha wavuvi, wale samaki wenye miba waliokosa mnunuzi wanatiwa sufuriani, leo ndio kimekuwa cha mahotelini, mpaka wenye mikahawa wa kule walikaa 1980 wakaandika mkataba kabisa wa nini kinaruhusiwa, na samaki lazima wawe aina nne au zaidi. Basi nami nikafata sheria. Kijana wa samaki alinipitia na ndoo Ijumaa akiwa katoka soko la Feri, nikachukua changu, tasi, pono na kipande cha chewa, akaniuliza dada una shughuli? Nikamwambia nina Wafaransa.

Mama yuko kwangu tangu mwezi uliopita, amekuja kwa macho, anasubiri miwani. Kajivutia kiti chake jikoni kakaa ananitazama bila kusema, na nyie mnajua mama akinyamaza jikoni maana yake nini. Nikakaanga kitunguu kwa mafuta ya zeituni, nyanya, kitunguu thomu, shamari (kule wanatia na kitunguu chake kibichi, mie nilikuwa na mbegu tu), ganda la chungwa, na zafarani. Zafarani ni yake mwenyewe, ile ya biriani, anaifunga kwenye kikaratasi ndani ya kikaratasi ndani ya soksi. Alihesabu nyuzi. Nikaroweka kwenye maji ya uvuguvugu ikatoa rangi, ndio akafungua mdomo: "Nazi utaitia saa ngapi?"

Mama, haina nazi.

"Haina nazi."

Ndiyo mama.

"Kwa hiyo ni mchuzi uliosahau nazi."

Sikujibu, nikahamia kwenye ile sosi yake inaitwa rouille, maana yake kutu kwa sababu ya rangi. Unatwanga thomu na pilipili na zafarani kwenye kinu kidogo, unatia kiini cha yai, halafu mafuta tone kwa tone huku unakoroga upande mmoja. Tone kwa tone, hapo ndio pa kuzingatia. Mie umeme ukakatika katikati, nikageuka kutafuta tochi, kurudi nikamimina kidogo kwa haraka na ikakatika pale pale kama tui lililoachwa lichemke lenyewe, mafuta huku na mabonge kule. Mama akachukua kiini kingine, akakiweka bakulini peke yake, akaanza kukirudishia ile iliyoharibika kijiko kijiko mpaka ikashikana. Hajawahi kuisikia rouille maisha yake. Nilipomuuliza kajuaje akasema yai ni yai.

Tukapaka kwenye mkate uliochomwa, tukala supu kwanza na samaki baadae kwenye sahani yake, ndio utaratibu wao. Ilikuwa tamu, na ule mnuko wa ganda la chungwa na zafarani pamoja, sijui niuelezeje, mkali na mtamu kwa wakati mmoja. Ila pono kavurugika wote, yule hataki moto mrefu, mara nyingine atie mtu mwisho.

Umeme uliporudi tukaangalia filamu ya Marius, ya 1931, nyeusi na nyeupe, karibu yote iko kwenye baa moja ya bandarini. Mama haoni maandishi ya chini kwa hiyo nilikuwa natafsiri, na ilipofika wazee wanacheza karata sikuhitaji kusema mengi. Mmoja anataka kumjulisha mwenzake kuwa mpinzani anakata kopa, na kwa Kifaransa kopa na moyo ni neno moja, basi anajishika kifua analalamika "unanipasua moyo", mwenzake haelewi, anarudia kwa sauti zaidi, mwenzake bado, mpaka wapinzani wote washajua yeye bado. Mama alicheka mpaka akavua kanga kichwani. Akasema hawa ni wazee wa baraza ya Jaws Corner ya Mji Mkongwe hawa, marehemu baba yako alikuwa anaibia karata vile vile, yeye alikuwa anakohoa.

Hilo la kukohoa sikuwahi kulijua.

Leo asubuhi nikamtumia shangazi picha ya sufuria na voisi, najisifu. Amejibu saa nne. Anasema maashallah mwanangu, lakini yeye miaka yote hiyo bouillabaisse hajawahi kuionja, ile ya kweli bei yake ni ya wageni, na Château d'If anaiona kila akipanda basi ila boti hajapanda. Jana kwake walipika mataba, kile kisamvu cha Kingazija, na wali. Ananiuliza nikipata mtu wa kuja nimpe papa mkavu.

Bakuli la supu lililobaki nililiweka kwenye friji nile mchana. Nimefungua sasa hivi, mama kashatia tui.