Nilivyompeleka mama mkwe kisiwa cha Saanane akashuka anacheka

Naandika nikiwa na furaha na pia nikiwa na hasira na watu walionishauri vibaya, kwa hiyo mtanivumilia. Mama mkwe wangu ni Mgogo wa Kongwa, maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni bwawa la Mtera, tena akiwa ndani ya basi. Mwezi wa sita kaja Mwanza na wifi yangu na watoto watatu wa likizo, mume wangu akaniambia mama Neema panga wewe, wazungushe Ziwa Victoria waone visiwa. Nikaitikia haraka ila moyoni nilikuwa na kidonda cha mwaka jana.

Mwaka jana tulitembelewa na rafiki zake mume wangu kutoka Dar, na kila niliyemuuliza aliniambia kitu kimoja, wapikie kwanza washibe, jua likianza kupoa ndo mwingie majini, mtarudi na machweo mpige picha. Nikapika pilau la nguvu. Tukaingia kwenye boti saa nane na nusu mchana, maji yametulia kabisa pale ufukweni, mwenye boti kafungulia mziki, watu wanapiga selfi. Tulivyozidi kuiacha nchi kavu upepo ukaanza, mwanzo tukasema afadhali tulikuwa na joto, robo saa baadae mawimbi yameshapanda, boti inanyanyuliwa pua juu halafu inaachiwa paa, unasikia mpaka kwenye meno. Maji yanaruka ndani, dada mmoja mwenye mimba kanishika mkono mpaka kucha zikaniingia, watoto wanalia, pilau lote likarudi lilikotoka. Nikasema tuvae maboya, kumbe yamerundikwa mbele chini ya kamba na dumu la mafuta, nayavuta moja halina mkanda, la pili buckle imevunjika, la tatu la mtu mzima na mimi natafuta la mtoto wa miaka minne. Kurudi ambako kungechukua dakika kumi tulitumia karibu saa nzima maana mzee hakuthubutu kuongeza mafuta. Na yule mwenye boti akadai hela yote, akasema ziwa ndo lilivyo. Sikulala siku ile, kila nikifumba macho namuona yule dada mwenye mimba.

Kwa hiyo safari hii sikuuliza watu wa mtaani, nilienda Mwaloni Kirumba asubuhi kununua sato, nikamuuliza baba mmoja Mjita anayeendesha boti za abiria, shikamoo baba, ziwa wewe unaliingia saa ngapi? Akaniambia mwanangu, ziwa ni la asubuhi. Mchana jua likishawaka nchi kavu inachemka kuliko maji, hewa ya huku inapanda, basi ya ziwani inakuja kujaza, ndo huo upepo mnaoukuta saa nane. Sasa jamani, wote walionishauri mwaka jana wamezaliwa Mwanza! Mwingine safari hii kanambia niwapeleke Ukerewe turudi siku hiyo hiyo, wakati meli peke yake ni kama masaa matatu kwenda Nansio, bandari ya huko, wageni wataona nini zaidi ya bomba la meli.

Nikapatana na yule baba, laki moja na kitu pamoja na mafuta, sikumbuki vizuri maana nilimuongezea ya soda. Nikakagua maboya moja moja nyumbani kwake kabla ya siku, nikajaribu kila buckle, ya watoto nikaazima kwa jirani. Boti inabeba kumi na mbili, nikamwambia tutakuwa nane na yeye na kijana wake ndani yake, na usimpakie mtu wa njiani hata akiwa shemeji yako.

Shida ikawa mama mwenyewe. Alipoambiwa tu akasema siendi. Akaniambia, "Mama Neema, mimi ile mwaka wa meli nilisikia redioni, nilikuwa nimembeba huyu mumeo mgongoni." Nikajua anasema MV Bukoba, meli iliyozama tarehe 21 Mei 1996. Hapa Mwanza hilo hatulielezi, makaburi ya Igoma yapo na watu bado wanaenda kulia pale. Meli ilizidishwa watu. Na Septemba 2018 kikazama kivuko cha MV Nyerere kule karibu na kisiwa cha Ukara, kosa lilelile la kujaza. Mume wangu akaanza kumwambia mama usiogope, nikamkatisha, nikamwambia mama una haki, mimi mwenyewe mwaka jana niliogopa. Nikaacha maneno hapo.

Kesho yake, hii sehemu naipenda sana, nikamwambia mama nisindikize mjini nikanunue kitenge, af tukapumzike kwenye kivuko cha Kamanga, tuvuke tu na kurudi, hela yenyewe ndogo tu. Akauliza ni boti? Nikamwambia ni barabara inayotembea, magari yanapanda. Kweli akaona lori la mkaa linapanda, basi dogo linapanda, mama mmoja na kuku wake miguu imefungwa, mtu na baiskeli, akaniangalia, akapanda. Alikaa katikati kabisa kajishikilia kwenye bomba. Nikamnunulia karanga. Tulipofika kati ya maji nikamwonyesha mji kwa nyuma, mawe ya Bismarck yale yalivyobebana, nyumba za mlimani, nikamwambia usiangalie maji ya chini, angalia ule mlima. Bomba akaliachia mwenyewe ili amenye karanga! Sikusema kitu. Kurudi akasimama. Kabla hatujashuka akauliza, "Hiyo boti yenu ni kubwa nusu ya hii?" nikamwambia mama ni ndogo sana, sitakudanganya, ila maji yatakuwa yamelala kuliko haya. Akasema basi nitakaa katikati.

Jumamosi saa moja kamili tuko majini. Watu walishiba uji na matobolwa ya viazi vitamu, hamna cha mafuta, tangawizi kwenye chupa ya chai. Maboya nimeyafunga mwenyewe tukiwa bado nchi kavu, wifi yangu alilalamika linamharibia nywele, nikamwambia nywele tutasuka kesho. Ziwa lilikuwa kama sahani. Baba akatuzungusha Bismarck polepole, akazima kabisa injini, tukaelea tu, ndege mnandi wamesimama juu ya jiwe wametanua mabawa wanajikausha, hamna anayeongea. Nawaambia ukweli, kuzima injini ndo raha yenyewe, mwaka jana tulikuwa na mziki sikusikia hata ndege mmoja.

Njiani kuelekea Saanane tukaingia kwenye magugu maji. Nyuma ya injini kuna katundu kanatoa maji, mafundi wanasema injini inakojoa, ule mkojo ukakatika. Yule baba hakusubiri hata sekunde, akazima, akainua injini, panga la injini limezungushiwa mizizi myeusi kama nywele, kijana wake akaikata kwa kisu, baba akachukua kawaya kembamba alikokachomeka kwenye kofia akachokoa kale katundu, akawasha, maji yakaruka upya. Dakika tano. Angelazimisha injini ingechemka tukabaki pale. Mama alikuwa anaangalia kila kitu, akasema huyu mtu anajua kazi yake, na mimi nikapumua.

Kiingilio cha Saanane tulilipia ofisini Capri Point kabla, kwa kontroo namba, Mtanzania ni elfu chache tu. Ni hifadhi ndogo kuliko zote nchini, imekuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2013 ila zamani, tangu 1964, ilikuwa bustani ya wanyama ya serikali, na jina ni la mzee Saanane Chawandi aliyekuwa anaishi pale. Tuliona swala, pundamilia, pimbi wamejaa kwenye mawe. Lakini aliyewashika watoto ni mjusi. Dume kichwa chekundu mpaka mabegani, kuanzia hapo kwenda mkiani bluu iliyokolea, yuko juu ya jiwe la moto anapiga pushapu. Wataalamu wamempa mpaka jina la mji wetu, Agama mwanzae. Mtoto mdogo wa wifi alihesabu pushapu kumi na saba, mjusi akahama jiwe, akaanza upya. Tulikaa pale nusu saa nzima kwa ajili ya mjusi na sikumharakisha mtu. Ukiwa na wageni usipange visiwa vitano, panga kimoja na mda wa kutosha.

Kwenye kuogelea ndo tulibishana. Wifi anasema wacha wachovye miguu tu. Nikakataa katakata. Kwenye matete ndo kuna konokono wa kichocho, na kichocho kinaingia kwenye ngozi, hakihitaji unywe maji, hata kuchovya kunatosha. Na mamba wapo ziwa hili. Watoto walinuna dakika kumi, nikawapa embe.

Saa sita na nusu tukageuza, saa saba tumeshakanyaga nchi kavu. Nikawapeleka kula sato wa kukaanga na ugali wa muhogo kwenye kibanda cha Kirumba kinachoangalia ziwa. Mama akala kichwa chote cha samaki, akanyonya mpaka mifupa. Saa nane kasoro upepo ukaingia, kwanza majani ya mwembe, halafu kule kati maji yakaanza kuwa meupe, ile boti moja iliyokuwa inatoka inapigwa inaruka. Mama akaacha kula, akaangalia muda mrefu.

"Ndo mlikuwa huko mwaka jana?"

"Ndo huko mama."

Akanisogezea kipande chake cha mwisho cha samaki.